Kaburi la Bibi na Nozeli Nyekundu

Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi kwa muda mrefu kuliko baadhi ya ndoa ninazozijua, na mada niliyoipenda kupita zote ilikuwa kanieneo. Nilikuwa naingia darasani na kisu butu mkono mmoja, kisu kikali mkono wa pili, na kiazi mfukoni. Kani ni ile ile, nilikuwa nawaambia watoto, ila eneo likipungua kanieneo huongezeka. Halafu nakata kiazi. Watoto walikuwa wanapiga makofi, nami niliamini wanaipigia sayansi. Siku hizi nadhani walikuwa wanafurahi tu kwamba mwalimu ameshika kisu badala ya fimbo.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba niliyoyafanya juu ya kaburi la bibi yangu sikuyafanya kwa ujinga. Mjinga angeuliza.

Kaburi lenyewe liko nyumbani kwetu, juu ya Tengeru, pale Mlima Meru unapoanza kupanda kwa bidii na migomba inakuja mpaka mlangoni. Kwetu mtu hazikwi mjini. Unaweza kukaa Arusha maisha yako yote, ukajenga Kimandolu kama mimi, ukaweka na geti la kujisifia, lakini siku ya mwisho utapandishwa kule juu ulazwe nyuma ya nyumba ya wazazi, kati ya migomba na kahawa. Bibi, mama yake baba, alilazwa hapo nikiwa na miaka kama tisa. Wakati ule vigae vilikuwa vitu vya hospitali. Baba alichanganya saruji mwenyewe kwa koleo, akalisakafia kaburi, na kabla halijakauka akachukua msumari mrefu, akapiga magoti, akaandika.

Baba alisoma hadi darasa la pili. Herufi zake zilikuwa zinapanda upande mmoja na kuteremka upande wa pili, na moja mbili zilikuwa zimegeuka zinaangalia nyuma. Nilipotoka chuo cha ualimu, na suruali yangu ya kwanza yenye mstari wa pasi, nilimwambia kwamba yale maandishi yanatia aibu, tusakafie upya niyaandike vizuri. Alikuwa anachambua kahawa. Hakuinua kichwa.

"Bibi yako hajui kusoma," akasema. "Na hajalalamika."

Sasa baba naye yuko pale pale, kaburi la pili, vigae vyeupe na jiwe jeusi lenye maandishi ya dhahabu yaliyochongwa kwa mashine. Vigae alivileta mdogo wangu. Mdogo wangu, kwa bahati tu, anauza vigae pale Themi.

Baba hakuacha barua. Daftari lake la kahawa lililiwa na mchwa, na kwenye chama cha ushirika alikuwa anaweka dole gumba kwa sababu, alisema, dole halikosei herufi. Kwa hiyo mwandiko wake uliobaki duniani ulikuwa ule wa juu ya kaburi la mama yake, mistari mitatu ya msumari. Kwa miaka mingi mama yangu ndiye aliyeutunza. Kila Desemba, kabla watoto na wajukuu hatujapanda mlima kuja kula, alikuwa anakaa pale na ndoo ya maji, majivu na gunzi la mahindi, anasugua herufi moja moja. Kisha magoti yakamgomea. Sisi tuliendelea kuja kula kila Desemba, na hakuna aliyejiuliza gunzi limekwenda wapi. Ukoga wa kijani ukapanda juu ya kaburi, ule unaopenda kivuli na mvua za kwetu, ukaingia kwenye herufi zote na kuzijaza.

Desemba moja ukoo mzima ulikuwa unakuja kwa ibada ya shukrani, na mdogo wangu akaitisha kikao cha familia. Alikuja na vipande vinne vya vigae kwenye mfuko, kama mtu anayeleta maembe. Akasema kaburi la bibi linatia aibu, wageni watalipita kuliendea la baba wakidhani ni karo la kufulia. Yeye atatoa vigae, atatoa na jiwe jeusi, sisi tukubali tu.

"Yale maandishi yasifunikwe," mama akasema.

"Mama, hayasomeki."

"Yakisafishwa yatasomeka."

Mama yangu hakwenda shule hata siku moja. Mtu asiyejua kusoma alikuwa anatetea maandishi mbele ya watoto wanne waliosomeshwa kwa kahawa yake, na sisi tuliangalia chini. Dada mmoja akauliza, hivi kwani mstari wa tatu ulikuwa unasema nini? Nikajibu haraka, kama kawaida yangu, kwamba ni Zaburi. Mama akanitazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akaendelea kukunja kitenge chake.

Tukafikia mwafaka. Nikipata njia ya kulisafisha hadi maandishi yasomeke, litabaki lilivyo. Nisipopata, Ijumaa saa nane mchana fundi wa vigae anaanza kazi, Jumapili wageni wakute linang'aa. Nilikubali kwa kujiamini. Ukoga ni kitu gani mbele ya mtu wa kanieneo?

Alhamisi nikaenda Ngarenaro, kwenye uwanja wa kuoshea magari ambako nilikuwa nimeambiwa wanakodisha mashine za presha. Mwenye uwanja alikuwa mwanamke wa makamo, buti za mpira hadi magotini, mikono imekunjamana kwa maji. Aliponiona akafunga bomba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nilikufundisha?"

"Sayansi, darasa la sita. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na lile dirisha lililovunjika."

Nikamwambia namkumbuka vizuri sana. Nilikumbuka dirisha.

"Uliniuliza kwenye mtihani kwa nini kisu butu hakikati," akasema, huku anafuta mikono. "Nikaandika kwa sababu hakijanolewa. Ukaweka kosa, kubwa, kalamu nyekundu."

"Jibu lilikuwa eneo," nikasema. "Makali ya kisu butu yana eneo kubwa, kwa hiyo kanieneo ni dogo."

"Ndiyo, mwalimu. Na hilo eneo linakuwa kubwa kwa sababu gani?"

Nikaomba kuona mashine.

Ilikuwa mashine ya petroli, ndogo, yenye magurudumu mawili na mkono mrefu unaoshikwa kama bunduki. Akaleta na kopo la siagi, akalimimina juu ya beseni lililopinduliwa. Vikatoka vichwa vitano vya chuma, kila kimoja hakizidi dole gumba, na kila kimoja kina pete ya rangi yake: nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi. Hizo ndizo nozeli, unachomeka moja mwishoni mwa mkono, maji yanatokea hapo. Nyeusi akaiweka kando, hiyo ni ya sabuni tu. Zilizobaki alinionyesha kwa vitendo, na nakiri kwamba somo lake lilikuwa limeandaliwa vizuri kuliko mengi yangu.

Alisimamisha katoni tupu kwenye ukuta. Akaanza na nyeupe. Maji yakatoka yametanuka kama ufagio, katoni ikalowa. Akachomeka kijani, ufagio ukapungua, maandishi ya katoni yakaanza kuchubuka. Njano ikavua ngozi ya juu yote. Kisha akachomeka nyekundu, akaniambia nirudi nyuma. Maji yakatoka mstari mmoja, mwembamba kama spoku ya baiskeli. Yakapita katikati ya katoni bila kuisukuma, yakachimba ukuta nyuma yake.

"Pampu ni ile ile, mwalimu. Maji ni yale yale," akasema. "Nyeupe inawagawia wote kidogo kidogo. Nyekundu inampa mmoja yote."

"Hicho ndicho nilichokuwa nafundisha."

"Ndiyo. Unataka kuosha nini?"

"Saruji ya zamani. Ina miaka zaidi ya arobaini, na ina maandishi."

Akatikisa kichwa. "Aisee. Hiyo sasa ni biskuti. Tumia nyeupe, simama mbali urefu wa mkono. Ikikataa, sogea kidogo, usibadilishe kitu. Kusogea nako kunaongeza nguvu. Ikikataa kabisa, weka kijani, tena urudi mbali. Usivute maji ya mfereji, mchanga utaziba tundu, pampu itaanza kulia. Na nyekundu niachie hapa."

"Kwani haimo kwenye seti?"

"Imo. Ila hutaitumia."

"Sasa kama sitaitumia, ina ubaya gani nikienda nayo?"

Yule mama akaanza kuzirudisha zile nyingine kwenye kopo, moja moja. Nami nikaitumia nafasi hiyo kumweleza kanieneo ni nini, tangu mwanzo, pamoja na mfano wa kiatu cha kisigino kirefu na mguu wa tembo. Alinisikiliza, mikono nyuma, wateja wawili wakisubiri. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ile watoto wanayoitumia wakitaka kengele ilie. Kisha akairudisha nyekundu kwenye kopo na kunikabidhi. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haisemi kinachompata mkuu asiyesikia la mdogo.

Ijumaa asubuhi nilipandisha mashine kwa pikapu. Mama alikuwa ameshatoa kigoda chake na kukiweka mlangoni mwa jiko, mahali anapoliona kaburi bila kuinuka. Nikachota maji ya tangi la mvua, nikavaa miwani, nikachomeka nyeupe, nikasimama mbali urefu wa mkono. Nilikuwa mwanafunzi mwema kabisa.

Na ilifanya kazi. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Ukoga ulianza kulegea kingo, ukawa unatoka vipande laini, kama ganda la kiazi kilichochemka. Baada ya muda mrefu nikaiona H. Imepinda vile vile, mguu mmoja mfupi. Halafu A, halafu P, halafu A nyingine iliyoinama kama inamsikiliza mwenzake. HAPA. Nilizima mashine nikabaki naitazama. Sikuwa nimeuona mwandiko wa baba kwa miaka kadhaa, na kusema kweli nilipokuwa nauona kila mwaka sikuuangalia. Nilifurahi sana. Nilifurahi kiasi kwamba nilimgeukia mama nikanyanyua mkono kama mchezaji aliyefunga goli.

"Limetoka la kwanza?" akaniuliza.

"Limetoka, mama."

"Polepole hivyo hivyo," akasema. "Hata mimi lilikuwa linanichukua asubuhi nzima."

Nikaendelea. Neno la pili likaanza kuonyesha kichwa. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Saa saba nikasikia gari, akaingia mdogo wangu na futi ya kupimia mkononi. Alimwamkia mama, akaja akasimama nyuma yangu. Akaitazama HAPA, akatazama saa yake. Mdogo wangu akitazama saa ujue anatafuta maneno mazuri.

"Kaka," akasema, "hiyo ni mashine, au unamwagilia mchicha?"

Nikaendelea kuosha.

"Neno moja tangu asubuhi. Kwa mwendo huo utamaliza Pasaka. Fundi anafika saa nane." Akavuta futi yake, akaanza kupima upana wa kaburi, polepole, akitaja vipimo kwa sauti.

Hapo nilikuwa na njia kadhaa, na zote nilikuwa nimeelezwa na mtu anayezijua. Ningeweza kusogea nusu hatua. Ningeweza kuweka kijani na kurudi mbali. Ningeweza kumwambia mdogo wangu kwamba makubaliano ni yasomeke, hatukusema yote yasomeke kabla ya saa nane, na mama angeniunga mkono. Kati ya nyeupe na nyekundu kuna rangi mbili. Watoto wa darasa la kwanza nilikuwa nawakataza kuruka namba. Nikafungua kopo, nikaziruka zote mbili.

Nilitaka aone. Sina sababu nyingine na sitaitafuta.

Mstari ule mwembamba ulipogusa saruji, ukoga haukulegea tena, uliondoka. Pakabaki peupe pe! Mdogo wangu akaacha kupima. "Eeh!" akasema, kwa mshangao wa kweli, na hiyo eeh yake moja ndiyo iliyonimaliza. Nikaongeza mwendo. Ukungu wa maji ulikuwa umetanda, miwani imelowa, sioni herufi, naona weupe tu unafuata mkono wangu, kushoto kulia, kushoto kulia, vile nilivyokuwa nafuta ubao kipindi kikiisha. Niliyapita maneno yaliyobaki ya mstari wa kwanza, nikaupita wa pili, nikaupita wa tatu. Kazi ya asubuhi nzima niliimaliza kwa muda wa kupiga chafya.

"Kaka," mdogo wangu akasema, safari hii kwa upole. "Kaka, zima."

Nikazima. Kaburi lilikuwa safi. Sijawahi kuona saruji safi namna ile. Lilikuwa na mifereji mirefu ya maji iliyochimbwa huku na huku, na kokoto zilizoanza kuchungulia, na ile ngozi ya juu, ngozi nyembamba ambamo baba aliandika, ilikuwa imelala chini kwenye matope, vipande vipande. Juu ya kaburi limebaki neno moja, lile lililooshwa na nyeupe. HAPA. Baada ya hapo hakuna kitu.

Mama alikuwa ameshainuka. Alikuja na fimbo yake, akainama kwa shida, akaweka kidole. Hakuangalia, alikuwa anapapasa kwa kidole, kama alivyokuwa anafanya na gunzi. Kidole kikapita kwenye HAPA, herufi nne, kikaenda mbele, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikaanza tena.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Zimetoka, mama."

"Zimetoka zimekwenda wapi?"

Nililia. Mtu mzima, mstaafu, mwenye wajukuu, nililia mbele ya mdogo wangu aliyeshika futi, nayo ikajivuta yenyewe ikarudi ndani kwa kelele. Nilikuwa nimelitetea kaburi lile dhidi ya vigae, na vigae vingelifunika tu. Siku moja mtu angeweza kuvibandua akayakuta maandishi yako salama. Hakuna wa kulibandua nililolifanya mimi.

Mama hakunifokea. Alinyooka, akashika kiuno.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Mstari wa mwisho ulisema nini?"

"Ilikuwa Zaburi, mama."

"Zaburi ya ngapi?"

Nikamtazama mdogo wangu. Akajaribu kunisaidia, Mungu ambariki, akasema labda ile ya mchungaji. Miaka zaidi ya arobaini nimelipita kaburi lile. Nimeona herufi zilizogeuka, nimeona mistari iliyopinda, nimesahihisha yote kichwani. Kusoma sikusoma.

"Haikuwa Zaburi," mama akasema, akarudi jikoni.

Saa nane fundi wa vigae alifika, na mdogo wangu akamrudisha alikotoka. Nilipakia mashine, nikateremka nayo hadi Ngarenaro. Yule mama mwenye uwanja alilimimina kopo, akazitazama nozeli zake, akaichukua nyekundu akaigusa. Ilikuwa bado imelowa. Nilisubiri anicheke, nilikuwa nimejiandaa kukasirika.

"Kulikuwa na mtu anakuangalia?" akauliza.

"Mdogo wangu."

"Ndiyo maana. Mtu akiwa peke yake hawezi kuweka nyekundu."

Nikamwambia kwamba jibu lake la kile kisu lilikuwa sahihi.

"Najua, mwalimu," akasema, akaenda kuosha gari.

Jumamosi asubuhi nilipopanda tena nilimkuta mdogo wangu amenitangulia. Alikuwa ameleta mfuko wa saruji na mchanga laini, hakuna kigae hata kimoja, na alikuwa anachanganya mwenyewe kwa koleo, na viatu vyake vya kwenda dukani. Tulipiga brashi mahali palipochimbika, tukalowesha, tukapaka saruji nyembamba kuanzia pale HAPA inapoishia. HAPA yenyewe hatukuigusa. Mdogo wangu aliizungushia ubao ili isipate hata tone. Mama alisogeza kigoda mpaka kando ya kaburi.

"Sasa andika," akaniambia. "Mimi nitasema."

"Mama, unakumbuka yote?"

"Baba yako alikuwa anaandika huku anasema kwa sauti, neno kwa neno, maana alikuwa hajiamini. Mimi ndiye niliyemshikia ndoo. Andika."

Nikapiga magoti, nimeshika msumari. Alisema AMELALA MAMA YETU. Nikaanza kuandika, na kwa heshima nikazipindisha herufi kidogo, nikaugeuza mguu wa mojawapo ulingane na za baba.

"Unafanya nini?"

"Nafuatisha, mama."

"Usimwigize. Andika wako."

Mstari wa pili ulikuwa jina la bibi. Ukaja wa tatu. Mama akaniambia niteremke kidogo, hapo baba aliacha nafasi kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma na alitaka kupumzika. Halafu akasema, polepole, ili nisiachwe nyuma: "Alilisha. Hata. Wasio. Wake."

Niliandika. Saruji ilikuwa laini na msumari ulikwenda vizuri. Nilipomaliza nikamuuliza, nikiwa bado nimepiga magoti, wasio wake ni akina nani.

"Ni mimi," akasema.

Nilijua kwamba mama alitoka upande wa pili wa mlima, kule kukavu. Sikujua zaidi, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Akatuambia. Ulikuwa mwaka wa njaa kwao, akaja msichana peke yake kuchuma kahawa ya watu, hana ndugu huku, hana pa kulala. Bibi alimweka jikoni kwake. Jioni ya kwanza bibi alipakua loshoro ya mahindi na ndizi, akamimina juu yake maziwa mgando yote yaliyokuwepo, akampa yeye bakuli kabla ya kuwapa wanawe. Mmoja wa wanawe akanung'unika. Akasema kwa sauti, ili msichana asikie, kwamba huyu si wetu, kwa nini aanze yeye.

"Nani huyo?" mdogo wangu akauliza.

"Baba yenu."

Alipofikia kumwoa walikuwa hawajawahi kulizungumza jambo hilo, na baada ya kumwoa hawakulizungumza pia. Siku ile tu, mama yake yuko chini, saruji mbichi, akachukua msumari na kuandika, huku anasema kwa sauti, na mke wake amemshikia ndoo.

Mdogo wangu alijifanya anasafisha koleo. Mimi nilibaki naangalia mwandiko wangu mzuri, herufi zote zimesimama wima, nafasi sawa kati ya neno na neno, vile ninavyowataka watoto waandike. Baba aliomba msamaha kwa msumari mahali ambapo kila mtu angesoma, na mtu pekee aliyeuhitaji alikuwa hajui kusoma, kwa hiyo alikuwa akiugusa kila Desemba kwa gunzi.

Jumapili wageni walikuja wengi. Walilipita kaburi la bibi wakaenda kuvisifu vigae vya baba, na mdogo wangu hakumwambia hata mmoja duka liko wapi. Ibada ilipokwisha, watu wakielekea kwenye chakula, mama aliniomba nimshike mkono. Tukaenda nyuma ya nyumba. Saruji ilikuwa imekauka. Akainama, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akaupitia wote kutoka upande huu hadi ule bila kukwama popote.

"Mwandiko wako mzuri," akasema.

Kisha akapandisha kidole hadi juu, kwenye lile HAPA lililopinda.

"Wake ulikuwa mbaya," akasema, akakiacha kidole pale mpaka tulipoitwa kula.